Karata Njema Hushindwa

Hapana jambo ambalo wanadamu hulihukumu kwa haraka kuliko kushinda na kushindwa. Aliyeshinda huitwa mwerevu, na aliyeshindwa huitwa mjinga, kabla ya mtu yeyote kuuliza kila mmoja wao alifanya nini, na kwa nini. Mwisho wa jambo huonekana na watu wote, kama kilele cha mlima. Lakini mwanzo wake, pale mtu alipoketi peke yake akapima na kuchagua, huonekana na wachache. Basi twahukumu kwa kile tunachokiona. Mimi naamini kwamba hukumu ya namna hiyo ina dhuluma kubwa ndani yake: huwadhulumu wengine, nayo hutudhulumu sisi wenyewe.

Nataka kukuonyesha dhuluma hiyo, msomaji, kwa mfano wa mchezo wa karata uitwao poka. Sikuuchagua mchezo huu ili ukaucheze. Mbele utaona kwamba nina maneno makali juu ya kamari. Nimeuchagua kwa sababu katika maisha ya kila siku bahati na busara zimesukwa pamoja kama miyaa katika ukili, na ni vigumu kuzitenga. Lakini katika poka, hesabu huzitenga mbele ya macho yetu.

Poka ni mchezo wa Marekani. Ulikua mwanzoni mwa karne ya 19 katika mji wa New Orleans, na katika merikebu za moshi zilizopanda na kushuka mto Mississippi. Una namna nyingi, na namna iliyoenea kuliko zote leo huitwa kwa jina la jimbo la Texas. Mwaka 2007 baraza la kutunga sheria la jimbo hilo lilitambua rasmi kwamba namna hiyo ilizaliwa katika mji mdogo wa Robstown. Mashindano makubwa ya ubingwa wake yalianza mwaka 1970 katika mji wa Las Vegas.

Kanuni zake si ngumu. Karata ni 52, za aina nne: shupaza, kopa, uru na pau. Kila aina ina karata 13, kuanzia 2 hata 10, kisha ghulamu, malkia, mfalme na ree, ambayo ndiyo kubwa. Kila mchezaji hupewa karata mbili, azitazame peke yake. Baadaye karata tano hufunuliwa katikati ya meza, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja, nazo ni za wote. Anayeweza kuunda karata tano bora kutoka katika zile saba, mbili zake na tano za meza, ndiye mshindi. Kabla ya karata kufunuliwa, na baada ya kila ufunuo, mchezaji huamua: kuongeza dau, kulipa dau lililowekwa na mwenzake, au kuziweka chini karata zake na kujitoa.

Sasa fikiri kwamba umepewa karata zako mbili, umeziinua pembeni kwa kidole gumba, nazo ni za cheo kimoja: nane mbili, au wafalme wawili, au ree mbili. Hiyo ni jozi ya mkononi, nayo ni zawadi, kwa kuwa wenzako wengi bado wanakitafuta kile ambacho wewe umekwisha kukipata. Zawadi hiyo haiji mara nyingi. Karata yako ya kwanza yaweza kuwa yoyote. Zimebaki 51, na katika hizo ni 3 tu zilizo za cheo kimoja na ile ya kwanza. Gawanya 3 kwa 51, utapata moja kwa 17. Basi jozi huja, kwa wastani, mara moja katika migawo 17. Ama jozi ya ree, iliyo kubwa kuliko zote, huja mara moja katika migawo 221. Mtu aliyengoja migawo mia mbili akipewa karata duni, anapoziona ree mbili mkononi huhisi kana kwamba mvua imenyesha katika shamba lake peke yake. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu moyo wake hukata shauri kwamba ushindi umekuwa haki yake.

Lakini jozi si ushindi; ni nafuu tu. Ree mbili zikishindana na karata zozote mbili za mpinzani mmoja, hushinda karibu mara 85 katika 100. Zikishindana na wafalme wawili, hushinda karibu mara 4 katika 5. Lakini ree zile zile, wapinzani tisa wakibaki wote hata mwisho, hushinda karibu mara 3 tu katika 10. Maana kila mpinzani ni mlango mmoja zaidi ambao bahati yake yaweza kuingilia. Kwa ajili hiyo mwenye jozi kubwa huongeza dau mapema, ili wengi wajitoe, naye abaki na wachache.

Mwenye jozi ndogo, tuseme nne mbili, hana budi kuwa mnyenyekevu zaidi. Tumaini lake kubwa ni kwamba nne ya tatu itatokea miongoni mwa karata tatu za kwanza za meza, na hesabu yasema kwamba hilo hutukia karibu mara 12 katika 100. Mwenye busara hukubali kulipa kidogo ili aione bahati hiyo. Isipotokea, na wengine wakiongeza madau kwa nguvu, huziweka chini karata zake bila kinyongo. Kujua wakati wa kuacha ni sehemu kubwa ya mchezo.

Mimi nilifundishwa haya na mwalimu mwenzangu aliyekuwa akisomesha hesabu. Tulikuwa tukicheza watu wanne au watano, na dau letu lilikuwa punje za mahindi, zilizorudishwa kikapuni mchezo ulipokwisha. Usiku mmoja mwalimu yule alipata ree mbili, na mwenzetu mwingine alipata wafalme wawili. Kila mmoja alisukuma punje zake zote katikati ya meza. Karata nne zilifunuliwa bila dalili ya hatari. Ya tano ikawa mfalme wa kopa. Punje zote zikaenda upande wa pili. Wengine tulipiga kelele, wengine tukamwonea huruma. Yeye alichukua daftari lake, ambalo kila ukurasa aliugawa kwa mstari mmoja katikati. Upande wa kushoto aliandika alichoamua. Upande wa kulia aliandika kilichotokea. Nilimwuliza, “Mwalimu, huoni uchungu?” Akajibu, “Uchungu naona, lakini uchungu ni wa upande wa kulia. Upande wa kushoto sina neno la kufuta.”

Jibu lile nimekaa nalo miaka mingi, na kila nilipolipima nimeliona kuwa kweli. Mwalimu yule aliziweka punje zake mahali ambapo angeshinda mara nne katika tano. Ile mara ya tano haikuwa wizi wala laana. Ilikuwamo katika mapatano tangu mwanzo. Mtu anayezifurahia zile mara nne na kuiapiza ile moja hakuielewa hesabu aliyoikubali. Uamuzi wake ulikuwa mwema kabla ya karata ya tano kufunuliwa, nao ulibaki mwema baada ya kufunuliwa. Mfalme wa kopa alichukua mahindi tu; hakuweza kurudi nyuma na kuigeuza busara kuwa ujinga.

Neno la pili la kujua ni kwamba karata hazina kumbukumbu. Watu wengi hudhani kwamba bahati hugawa kwa zamu, kama mama agawaye chakula, na kwamba aliyeshindwa leo anadaiwa ushindi kesho. Sivyo. Karata zikikusanywa na kuchangwa upya, hazijui nani alilia usiku uliopita. Wala mikosi haiji kwa nafasi zilizopimwa, mmoja leo na mwingine baada ya mara tano. Ukiwa na nafuu ya mara nne katika tano, nafasi ya kushindwa mara mbili zinazofuatana ni moja katika 25, na ya kushindwa mara tatu ni moja katika 125. Basi anayeingia katika mashindano mia ya namna hiyo atazamie kushindwa karibu mara 20, na baadhi ya mara hizo zitafuatana. Zinapofuatana, yeye husema kwamba ana nuksi, au kwamba kuna mtu aliyemtazama kwa kijicho. Hapana kijicho. Huo ndio mwendo wa mambo yasiyo na zamu.

Elimu hii ilianza katika michezo. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawa dau la mchezo uliokatizwa kabla ya mwisho. Kutokana na barua hizo ilikua hesabu ambayo leo hutumika katika bima, katika tiba na katika kukisia mvua. Mwaka 1713 kilitolewa kitabu cha Jacob Bernoulli wa Uswisi, kilichothibitisha kwamba kadiri majaribio yanavyozidi kuwa mengi, ndivyo matokeo yanavyokaribia hesabu yake. Majaribio machache yaweza kusema uongo. Majaribio mengi husema kweli. Kwa hiyo mkono mmoja wa karata haumfunzi mtu kama ni mchezaji mzuri au mbaya, kama vile siku moja ya mvua isivyomfunzi mgeni tabia ya nchi.

Walakini kujua ni kitu kimoja, na kuvumilia ni kitu kingine. Wachezaji wa Marekani wana neno kwa mtu aliyepatwa na pigo kama lile la mfalme wa kopa, akapoteza utulivu wake: husema kwamba ameinama upande, naye hufanana kweli na jahazi lililopakiwa shehena upande mmoja. Jozi ndogo ambayo jana angaliitupa, leo huishikilia kwa ukaidi. Dau ambalo jana lingalimtisha, leo huliona dogo. Hutaka kurudisha katika dakika moja alichokipoteza kwa saa tatu. Mtazame vizuri utaona kwamba pigo la kwanza lilitoka kwa karata, lakini la pili na la tatu yametoka kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema hasira hasara, na sijui mahali ambapo maneno hayo mawili yamekaa karibu zaidi kuliko katika meza ya mchezo. Dawa yake ni kuondoka mezani kabla ya kuamua lolote jipya. Bahati mbaya haina mkono wa pili, ila ule tunaoiazima sisi.

Dawa nyingine huja mapema zaidi, kabla ya pigo lenyewe: usiweke mahali pamoja kitu ambacho huwezi kukipoteza. Nafuu ya mara nne katika tano ni njema kwa punje za mahindi. Kwa karo ya mtoto ni balaa, kwa sababu mara moja katika tano mtoto atarudi nyumbani. Hesabu ya Bernoulli huahidi kweli yake kwa majaribio mengi, lakini aliyepoteza vyote katika jaribio la kwanza hatayaona hayo mengine. Mkulima anayepanda mahindi, maharagwe na mihogo katika shamba moja anaijua kanuni hii, hata kama hakupata kuisikia darasani.

Nimesema sana juu ya karata njema iliyoshindwa. Lakini karata mbovu iliyoshinda ni mwalimu mbaya zaidi, kwa kuwa hufundisha huku ikitabasamu. Mwaka 1976, na tena mwaka 1977, Mmarekani Doyle Brunson alichukua ubingwa wa dunia wa poka huko Las Vegas. Katika kila mwaka, karata zake mbili za mkono wa mwisho zilikuwa ya 10 na ya 2. Karata hizo kwa kawaida hutupwa bila kufikiriwa mara mbili. Brunson alikuwa mchezaji hodari, na ubingwa wake haukuletwa na mkono mmoja; lakini mjinga aliyesikia habari hiyo aliweza kudhani kwamba siri ya ubingwa ni 10 na 2.

Tazama na habari hii. Mwaka 2003 mhasibu wa jimbo la Tennessee, Chris Moneymaker, alilipa dola 86 katika mashindano madogo ya intaneti, akapata nafasi katika mashindano yale makubwa, ambayo ada yake ilikuwa dola 10,000. Aliwapita washindani wengine 838, akapewa dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata idadi ya washindani ilipita 2,500, kwa maana kila mmoja alijiambia kwamba akiweza mhasibu, na mimi naweza. Habari za mtu mmoja zilisimuliwa dunia nzima. Je, msomaji, wale 838 walisimuliwa na nani?

Sasa nimefika kwenye maneno yangu makali. Daftari la mwalimu yule, lenye kurasa zilizogawanywa, ndilo linaloihukumu kamari ya fedha, na kuihukumu hata siku mchezaji anaposhinda. Nyumba ya kamari haichezi kwa bahati. Hucheza kwa hesabu. Katika poka huchukua fungu lake, ama katika dau la kila mkono, ama katika malipo ya kuketi. Kwa hiyo wachezaji wote kwa pamoja huondoka na kidogo kuliko walichokuja nacho. Katika kamari nyingine, hesabu imepangwa tangu mwanzo ili iipendelee nyumba. Majaribio mengi husema kweli, nayo nyumba ndiyo yenye majaribio mengi. Girolamo Cardano, mganga na mwanahesabu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1501, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kitabu juu ya hesabu ya michezo ya bahati. Walakini katika habari za maisha yake mwenyewe alikiri kwamba mchezo ulimlia heshima, mali na wakati. Ikiwa ujuzi haukumwokoa yeye, kijana mwenye simu mkononi na shilingi chache za nauli atajiokoa kwa nini? Sheria ya Kenya yamkataza kucheza kamari mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini hata akiitimiza, hesabu ni ile ile. Akishinda leo, upande wa kulia wa daftari utakuwa na furaha, na upande wa kushoto utakuwa na kosa lile lile.

Tuziache karata, twende mashambani. Niliwajua wakulima wawili majirani. Mmoja alitengeneza shamba lake mapema, akanunua mbegu bora, akapanda kwa mvua ya kwanza. Wa pili alichelewa kwa uvivu, akapanda wiki tatu baadaye. Mwaka ule mvua ya kwanza ilikatika ghafula, miche ya yule wa kwanza ikaungua. Mvua iliporudi ilikuta mbegu za mvivu ndiyo kwanza zimo ardhini. Alivuna yeye. Watu walimsifu kwa kujua majira, na mwenzake wakamcheka. Wapo waliochelewa kupanda msimu uliofuata kwa kumwiga mvivu! Hivyo ndivyo hukumu ya upande wa kulia inavyotenda: humvunja moyo mwenye bidii, humvika kilemba asiyestahili, kisha huwapoteza watazamaji.

Wewe pia utapatwa na siku kama hiyo. Utasoma miezi mingi, na asubuhi ya mtihani utaamka na homa. Au utaulizwa lile jambo moja ulilolipitia kwa haraka, huku mwenzako ambaye hakusoma akikutana na maswali aliyoyabahatisha. Siku hiyo fungua daftari lako, nalo liwe la kweli. Maana daftari hilo si mahali pa kujificha. Mtu asiyepalilia asisingizie mvua, na asiyesoma asiitaje homa. Ukiukuta upande wa kushoto una kosa, lirekebishe, wala usiliite bahati mbaya. Lakini ukiukuta safi, usiufute kwa sababu ya upande wa kulia. Lia kidogo, kama upendavyo, kisha ufanye tena yale yale uliyoyafanya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na umwonapo mwenzako ameanguka, usiulize kwanza amepata nini. Uliza alikuwa ameamua nini. Huenda ukakuta kwamba alishika karata njema, akaicheza vizuri, akashindwa. Mtu wa namna hiyo hahitaji mawaidha yako. Ahitaji mkono wako, na mbegu za msimu ujao.